Kebo za kuvishwa kwa mkono: cha kununua Kigoma na cha kuagiza

Kompyuta ya mezani ya kuunga mwenyewe ina sehemu moja ambayo wengi huiacha ilivyotoka kiwandani, nayo ni nyaya za pawa. Prosesa itachaguliwa kwa wiki nzima na kasha litatazamwa kwenye video mpaka usiku wa manane, lakini fungu la nyaya nyeusi ngumu litasukumwa nyuma ya bati na mlango kufungwa kwa goti. Kebo za kuvishwa kwa mkono ni kinyume cha hayo. Kila waya hukatwa kwa urefu wake, huvishwa kamba laini iliyosukwa, hubanwa pini mpya (ncha ya chuma inayoingia kwenye kichwa cha plastiki) na kupangwa sambamba na wenzake. Zinapendeza sana, na uzuri huo ni sababu tosha ya kuzitengeneza. Hata hivyo ni kazi ya umeme kabla ya kuwa kazi ya urembo. Pini iliyobanwa vibaya haitaonekana kwa macho siku ya kwanza. Itaonekana baada ya miezi, plastiki ikiwa imegeuka kahawia.

Kwa mtu wa Kigoma swali la kwanza ni nini kinapatikana hapa. Pini, vichwa vya plastiki na koleo la kubania usitegemee kuvikuta Mwanga wala Ujiji. Vitatoka Kariakoo au vitaagizwa nje, vije kwa basi. Kwa hiyo orodha iandikwe mara moja, na kwa ziada, maana mzigo wa pini kumi zilizopungua unasafiri zaidi ya kilomita 1,200 kama mzigo mwingine wowote. Kwa upande mwingine, huu ni mji wa wavuvi. Uzi wa nailoni wa kushonea nyavu upo, tena mzuri, na una kazi yake katika kebo hizi. Kamba za uvuvi nazo zipo tele, na ndizo zinazowapoteza wengi.

Tuanze na pawa saplai, boksi linaloipa kompyuta umeme. Nunua ile ambayo kebo zake zote huchomoka. Ile ambayo nyaya zake zimelehemiwa ndani isiguswe, kwa sababu kuzibadilisha kunalazimu kufungua boksi lenye kapasita kubwa inayofika karibu volti 400, na chaji hiyo haiondoki papo hapo unapochomoa plagi ukutani. Kompyuta za mtumba za ofisini nazo si mahali pa kuanzia: nyingi zina mazabodi (bao kuu la kompyuta) ya kichwa cha pini 6 au 8 cha kampuni yenyewe badala ya pini 24, na kila utakachojifunza hapa hakitaingia humo.

Sasa jambo ambalo limeua vifaa vingi. Upande wa mazabodi za kawaida za pini 24, mpangilio wa pini ni mmoja duniani kote. Upande wa pawa saplai hakuna mpangilio wa pamoja. Kila kampuni ina wake, na hata ndani ya kampuni moja toleo hili laweza kutofautiana na lile, ilhali kichwa kinaingia na kubofya vizuri kabisa. Kebo ya pawa saplai nyingine ikichomekwa, volti 12 zinaweza kwenda mahali pa volti 5, na diski na mazabodi huungua papo hapo. Usikopeshane kebo hizi na rafiki. Ukitaka kutengeneza mpya, chukua kebo ya asili ya pawa saplai yako, weka mita ya umeme kwenye mlio (hulia ncha zake zikigusa waya uleule), gusa pini moja moja pande zote mbili, na uchore ramani kwenye karatasi. Usiamini ramani ya mtandaoni mpaka mlio uithibitishe.

Utakapochora utakuta mambo mawili yatakayokushangaza. Kichwa cha pini 24 kwa kweli kina nyaya 23 upande wa mazabodi, kwa kuwa tundu la 20 liko wazi. Hapo zamani ndipo zilipopita volti 5 za hasi. Upande wa pawa saplai, matundu yanaweza kuwa 28, yaani kichwa cha 18 na kingine cha 10. Zile za ziada ni nyaya nyembamba za kuhisi: zinakwenda hadi pini ya mazabodi na kuiambia pawa saplai ni volti ngapi zimefika kweli. Ule wa volti 3.3 kwa kawaida hukutana na mwenzake kwenye pini ya 13, nyaya mbili ndani ya pini moja. Ukiuacha kwa sababu unaharibu mpangilio, mashine inaweza kugoma kuwaka au kutoa volti zisizotulia. Usiuache. Uunge kwenye mwenzake sentimita 3 hivi kabla ya pini, funika kwa mrija wa kusinyaa (mrija wa plastiki unaokaza ukipashwa joto), kisha uvishe kamba juu ya zote mbili.

Kama ni mara yako ya kwanza, kuna njia ya usalama zaidi: kebo za nyongeza. Unaacha kebo za asili mahali pake na kutengeneza kipande cha sentimita 30 kinachoonekana mbele tu. Pini ya 1 inakwenda ya 1, ya 2 inakwenda ya 2, hakuna ramani wala nyaya za kuhisi. Gharama yake ni pini za aina mbili, za kike na za kiume, na fungu nene nyuma ya bati. Kwa kasha dogo njia hii haifai.

Hesabu ya vifaa kwa seti kamili ni hii. Kebo ya pini 24 yenye sentimita 55: nyaya 23, mita 12.65. Kebo ya prosesa ya pini 8 yenye sentimita 65: mita 5.2. Kebo mbili za kadi ya grafiki za pini 8, sentimita 55 kila moja: nyaya 16, mita 8.8. Jumla ni mita 26.65, hivyo nunua 30. Nyaya ni 47, pini 94, lakini agiza 120, kwa kuwa mpaka mkono uzoee koleo utaharibu nyingi. Nyaya za kuhisi ziongeze juu ya hesabu hiyo kadiri ramani yako inavyosema.

Pini yenyewe ni ya familia ya Mini-Fit Jr ya Molex, ambayo nafasi kati ya tundu na tundu ni milimita 4.2. Agiza zinazopokea waya wa AWG 18 (kipimo cha Marekani cha unene wa waya). Vichwa viagizwe kwa majina kamili, maana kichwa cha prosesa na cha kadi ya grafiki vyote vina matundu 8 lakini si ndugu: mahali palipo na volti 12 kwenye kimoja ndipo palipo na hasi (njia ya kurudi ya umeme, volti 0) kwenye kingine. Maumbo ya matundu yametofautishwa makusudi ili visiingiliane. Anayetumia nguvu, au anayechonga plastiki kwa wembe kwa sababu duka limemletea visivyo, anatengeneza shoti.

Waya uwe wa shaba tupu, nyuzi nyingi laini, AWG 18, ambao ni takriban milimita za mraba 0.8. Waya wa nyumba wa 1.5 ni mgumu, haukunjiki kwa unyenyekevu, na ukivishwa hauingii. Waya wa redio za magari unapatikana kirahisi na una ulaini unaotakiwa, ila mwingi ni alumini iliyopakwa shaba. Upime kabla ya kulipa. Chukua uzi mmoja, ukwangue kwa wembe: mwekundu nje na mweupe ndani ni alumini. Uzi mweupe nje na mwekundu ndani ni shaba iliyopakwa bati, huo ni mzuri. Au ushike kwenye moto wa kiberiti cha gesi. Shaba huwa nyekundu na kubaki imesimama, alumini hulegea na kukatika, kwani huyeyuka nyuzi joto 660 wakati shaba inahitaji 1,085. Alumini ina ukinzani wa karibu mara moja na nusu ya shaba, lakini tatizo kubwa liko kwenye pini: nyuzi zake hukatika zinapobanwa, na zilizobaki hulegea kadiri joto linavyopanda na kushuka.

Vazi la waya sasa. Kamba inayopendwa ni parakodi ya 550, yenye unene wa milimita 4 hivi, ambayo ndani ina nyuzi saba zinazovutwa na kutupwa, na linabaki ganda la nailoni lililo wazi katikati. Roli moja ni futi 100, yaani mita 30, na kwa seti ya hapo juu inatosha kwa shida, kwa sababu kamba iliyosukwa hufupika kidogo inapotanuka. Ukitaka rangi mbili, nunua roli mbili. Wapo wanaopendelea mrija wa kusukwa wa plastiki ya PET. Unang'aa zaidi na hauvuti vumbi kama nailoni, ila unaonyesha rangi ya waya ulio ndani, hivyo waya lazima uwe mweusi.

Na kamba za dukani hapa? Nyingi zimesokotwa, hazikusukwa, kwa hiyo hazina uwazi katikati. Zile chache zilizosukwa mara nyingi ni za polipropilini au polithini. Kuzitambua chukua kipande, kizamishe kwenye beseni, kikamue chini ya maji mpaka hewa itoke, kisha kiachie. Kikielea, kirudishe. Nailoni huzama. Sababu ya kuikataa inayoelea ni joto: polithini hulainika karibu nyuzi 130 na polipropilini karibu 160, wakati mrija wa kusinyaa unahitaji 90 hadi 120 ili ushike. Nafasi ya kukosea ni ndogo mno, na ukichoma ncha kwa kiberiti inadondoka matone badala ya kuganda. Nailoni huvumilia zaidi ya 200.

Kazi ya mkono ianze kwa kubana, si kuvisha, na ianze kwenye vipande vya kutupa. Menya milimita 3.5 hadi 4 za waya, si zaidi. Pini ina jozi mbili za mabawa: ya mbele inashika shaba, ya nyuma inashika ngozi ya waya. Weka waya ili mwisho wa ngozi uwe kati ya jozi hizo mbili. Tumia koleo lenye meno ya kujifungua lenyewe pale tu linapofika mwisho wa mbano. Plaizi ya kawaida hulaza bawa moja juu ya jingine. Pini iliyobanwa vizuri, ukiitazama kwa nyuma, mabawa yamezama katikati ya shaba yakiwa yamejikunja pande mbili mithili ya nyayo za kwato. Kisha ijaribu: funga waya kwenye mpini wa dumu la maji la lita 5 na uning'inize kwa pini. Pini nzuri inabeba kilo hizo tano bila kusogea. Usiongeze risasi ya kulehemia "kwa usalama"; hupanda ndani ya waya, ikaugandisha, na waya ukakatika palepale ugumu unapoishia.

Kwa nini ukali wote huu? Kebo moja ya pini 8 ya kadi ya grafiki imeruhusiwa wati 150. Gawa kwa volti 12 ni ampea 12.5, gawa kwa nyaya tatu ni ampea 4.2 kila mmoja. Mmoja ukilegea, wawili waliobaki wanabeba 6.25. Pini yenye ukinzani wa miliomu 50 ikipitisha hizo inatoa karibu wati 2 za joto, ndani ya tundu dogo la plastiki, saa baada ya saa. Ndiyo maana kichwa kile kipya cha matundu 16, kilichokuja mwaka 2022 kwa ajili ya kadi za hadi wati 600, kisitengenezwe nyumbani kabisa. Pini zake ni ndogo, nafasi kati ya tundu na tundu ni milimita 3, na mizigo yake ni mikubwa. Nunua iliyotengenezwa, isukume mpaka mwisho, na usiikunje karibu na kichwa.

Urefu ndipo kebo nzuri na kebo ya kawaida zinapoachana, na hili linaelezwa kwa nadra. Kichwa cha pini 24 kina safu mbili. Kebo ikikunja kona, safu ya nje inasafiri mbali kuliko ya ndani. Kwa kona ya nyuzi 90 tofauti ni nusu ya pai mara milimita 4.2, yaani milimita 6.6. Nyaya zote zikikatwa sawasawa, za ndani zitajikusanya na kuvimba kama tumbo, na hakuna chanuo la kebo (kipande cha plastiki cha kushika nyaya sambamba) litakaloziponya. Pima njia halisi kwa uzi ndani ya kasha, hesabu kona, kisha safu ya nje iongeze milimita 7 kwa kila kona ya upande huo. Kona mbili zinazopingana hufutana. Kila waya uandikwe namba kwa utepe wa karatasi ncha zote mbili, kwani rangi za asili zikishatoweka, volti 12 na hasi zinafanana kabisa.

Kuvisha sasa kunakwenda haraka. Bana pini upande mmoja. Upande mwingine funika ncha kwa utepe ili nyuzi zisichome kamba, ingiza kamba, na uisogeze kwa kuikunjakunja na kuinyoosha. Ifikishe hadi nyuma ya mabawa ya pini, pitisha mrija mfupi wa kusinyaa wa milimita 15 wenye uwiano wa 3 kwa 1, upashe joto. Anayetaka mwonekano safi zaidi huukata mrija huo baada ya nailoni kushikana na waya, ukabaki mwisho wa kamba unaozama ndani ya kichwa. Hapo kuna mtego: nailoni ikiyeyuka na kufanya donge, pini haifiki mwisho na haibofyi. Inaonekana imeingia, lakini unapochomeka kwenye mazabodi inarudi nyuma. Vuta kila waya baada ya kuuingiza. Ukihitaji kuitoa, kuna ndimi mbili ndogo ubavuni mwa pini. Pini mbili nene za stepla zilizonyooshwa zinazibana vizuri, na kabla ya kuirudisha pini, ndimi zipanuliwe tena.

Sasa kwa nyavu. Vichanuo vya plastiki vya kushika nyaya ni vyepesi na vizuri, lakini uzi wa nailoni wa nyavu, ule wa 210D (alama ya unene wa uzi), unafanya kazi hiyo kwa heshima zaidi machoni pangu. Kufunga nyaya kwa uzi uliopakwa nta ni ufundi wa zamani wa mitambo ya simu na ndege, na bado unatumika kwenye vyombo vya anga. Nta ya nyuki ya Tabora inafaa kabisa: vuta uzi juu ya bonge mara tatu nne, halafu ufute kwa kitambaa, kwani nta iliyozidi hushika vumbi. Fundo ni lilelile la mzunguko mara mbili unaokatizana ambalo mvuvi hufungia wavu kwenye kamba ya juu, likifuatiwa na fundo la kawaida la kukaza. Panga nyaya, funga kila baada ya sentimita 4, na karibu zaidi kwenye kona. Nta huyeyuka nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo mafundo yasikae yakigusa mgongo wa kadi ya grafiki. Hewa ndani ya kasha kwa kawaida iko chini ya hapo.

Kabla ya kuwasha chochote, rudi kwenye mita. Pima mlio wa kila pini dhidi ya ramani, kisha hakikisha hakuna mlio kati ya pini na jirani zake zisizo za volti moja. Mazabodi ikiwa bado mezani, chomeka kebo kwenye pawa saplai peke yake na unganisha tundu la 16 na la 17 kwa kipande cha waya. Feni inaweza isizunguke. Pawa saplai nyingi za sasa huizima mzigo ukiwa mdogo. Soma: volti 12 iwe kati ya 11.4 na 12.6, volti 5 kati ya 4.75 na 5.25, volti 3.3 kati ya 3.14 na 3.47. Tundu la 14 likisoma volti 12 za hasi (chini ya sifuri), hilo ni sahihi.

Uungaji uliobaki ni wa kawaida na umeelezwa pengi. Kwa hapa, ongeza chujio la vumbi mbele na chini ya pawa saplai, na feni za kuingiza hewa ziwe nyingi kuliko za kutoa, ili vumbi jekundu la kiangazi lisipenye kwenye nyufa. Nailoni nyeupe itachafuka. Chagua rangi inayovumilia, au jiandae kupiga brashi kavu kila mwezi.

Umeme ukutani ni volti 230. Ukikatika na kurudi, dakika za kwanza ndizo mbaya. Chombo cha kuchelewesha kama kile cha friji kinasaidia, na UPS (boksi la betri ya akiba) inasaidia zaidi. Ya VA 650 hutoa wati 325 hadi 390 tu, basi linganisha na mashine yako kabla ya kununua. Anayetumia sola apate inveta ya wimbi safi, kwani ile ya wimbi la mraba hugombana na pawa saplai za kisasa. Mvua za radi zikianza, chomoa plagi na waya wa intaneti pia.

Kipimo cha mwisho hufanywa baada ya wiki moja ya matumizi. Washa mchezo mzito au programu ya kusukuma kadi kwa dakika 30, ingiza ncha za mita kwa nyuma ya kichwa cha kadi ya grafiki bila kugusisha moja na nyingine, na soma. Linganisha na usomaji wa mashine ikiwa imetulia. Tofauti ya hadi volti 0.2 ni ya nyaya zenyewe. Ikizidi 0.3, kuna pini inayokula umeme: zima, chomoa, gusa vichwa haraka ukitafuta chenye joto kuliko vingine, kisha kata pini zake zote na ubane mpya kutoka kwenye zile za ziada zilizobaki.